Mama kwa Mujibu wa Jalada

Ilikuwapo nchi moja, na kama ipo hata leo basi iko mbali sana na kwetu, msije mkaulizwa mlikuwa mnacheka nini. Katika nchi hiyo mambo yote yalikuwa sawa. Yalikuwa sawa kwa tangazo, na tangazo lenyewe lilisomwa redioni kila asubuhi mara tu baada ya taarifa za vifo.

Nchi hiyo ilikuwa na chuo kikuu kimoja, kikubwa, chenye ukuta mrefu kuliko majengo yake. Na chuo kilikuwa na Kanuni ya Saba. Kanuni ya kwanza mpaka ya sita hakuna aliyezikumbuka, lakini ya saba hata wauza karanga waliijua kwa moyo: mwanafunzi akikosa, aje na mzazi. Haidhuru ana miaka ishirini na miwili, ana ndevu, ana mke, amekwisha kupiga kura mara mbili na kura yake imekwisha kuhesabiwa mara tatu. Aje na mzazi. Mtoto, walisema wakubwa wa chuo, ni nakala tu, na nakala haisahihishwi mpaka iletwe ile ya asili.

Basi asubuhi hiyo Sikudhani binti Farjala, mpishi wa shule ya msingi ya Kilimawe, alikuwa anakoroga uji wa watoto mia tatu. Simu ikalia kwenye pindo la kanga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka? Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, nataka kukwambia jambo, ila kaa chini kwanza."

"Nikae nini na uji uko motoni? Sema, Chausiku."

"Nimeshitakiwa chuoni. Lakini usije, mama. Usihangaike. Nimeshapata mama."

Mwiko ukabaki ndani ya sufuria. Siku hiyo watoto mia tatu walikunywa moshi, na mwalimu mkuu akaandika kwenye ripoti kwamba lishe imeboreshwa.

*

Kosa la Chausiku lilikuwa kubwa, tusimtetee kwa sababu ni wetu. Mkuu wa Chuo alikuwa amezindua bomba la maji. Ilipigwa bendi, ukakatwa utepe, ikatolewa hotuba ya saa moja na robo tatu juu ya historia ya maji tangu kuumbwa kwa dunia mpaka awamu iliyopo. Kisha mheshimiwa akafungua koki kwa mkono wake mwenyewe. Bomba likakohoa. Likatoa mende mmoja, naye akatoka kwa heshima zote, akaenda zake. Halafu kimya.

Watu elfu nne wakapiga makofi. Kiongozi wa wanafunzi akakinga kikombe, akanywa, akasema maji ni ya baridi mno, yanamuuma jino. Ndipo makofi yalipopungua, na katika ule upenyo Chausiku, aliyekuwa amesimama safu ya tatu na ndoo yake, akauliza bila hata kupandisha sauti:

"Maji yako wapi?"

Hati ya mashitaka iliandikwa jioni ile ile. Kosa: kuona peke yake.

*

Sikudhani alifika siku ya pili, miguu imemvimba, mkononi ana kikapu cha mihogo aliyoichemsha kwa haraka kwa sababu hakujua mtu anayekwenda kumwokoa mwanawe chuo kikuu hubeba nini.

Nje ya lango alikuta turubai limetandazwa juu ya miti minne, na chini yake benchi refu. Watu wazima wamepanga mstari, wanaume kwa wanawake, wote wamevaa kama wanaokwenda msibani kwa mtu waliyemheshimu kidogo. Kila mmoja ana kitambulisho kifuani. Juu yao ubao: UMOJA WA WAZAZI WA LANGONI. TUNALIA, TUNAPIGA MAGOTI, TUNAKIRI. Msajili wa vyama alikuwa amepiga muhuri pembeni.

Na mwisho wa benchi, kichwa kimeinama, alikuwa Chausiku wake.

"Mama! Nilikwambia usije!"

"Nisije nikaenda wapi?" Sikudhani alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai. "Umekonda. Huyu nani aliyekushika bega?"

Mwanamke aliyemshika bega akasimama. Alikuwa mnene, safi, wa miaka arobaini na kitu, macho mekundu kwa ajili ya kazi.

"Shikamoo, dada. Naitwa Bi. Kidawa. Mimi ndiye mama yake."

"Marahaba," alisema Sikudhani, maana adabu hutangulia akili. Kisha akili ikafika. "Mama yake nani?"

Ikabidi aelezwe. Nusu ya wanafunzi wa chuo kile walikuwa na wazazi wa mbali, au wazazi wagonjwa, au wazazi wenye hasira, au hawakuwa nao kabisa. Na kamati ya nidhamu haikutaka kusikia hadithi. Ilitaka mzazi. Basi langoni pakapatikana wazazi. Kwa kilo mbili za sukari na maneno mazuri, mtu anaingia na wewe, anakulilia, anakiri kwa niaba yako, mnatoka. Bi. Kidawa ndiye aliyesifika kuwapita wote. Mwaka huo peke yake alikuwa amezaa watoto themanini na mmoja, wengi wao mwaka wa tatu.

"Ningekuita wewe ungesema kweli," Chausiku alimwambia mamaye kwa sauti ndogo.

"Na kweli ina ubaya gani?"

"Kweli ndiyo iliyoniweka kwenye hili benchi, mama."

Sikudhani akamgeukia Bi. Kidawa. "Haya, wewe uliyemlilia. Wamesemaje?"

Bi. Kidawa alianza kukunja leso. "Dada, kamati haimpendi mzazi anayekataa. Ukikataa wanakuwa wakali. Ukikiri wanapunguza. Miaka kumi na moja niko hapa, siku zote wanapunguza."

"Na safari hii?"

"Safari hii nilikiri vizuri mno."

Alikuwa amesema mtoto huyu alizaliwa macho wazi. Kwamba alimkazia mkunga macho mpaka mkunga akaacha kazi. Kwamba akiwa na miaka miwili alionyesha kidole pengo la diwani mbele za watu. Kwamba yeye kama mama alishindwa, alijaribu kumfumba macho kwa kitambaa lakini mtoto akawa anaona kwa masikio. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani akalia. Wajumbe wawili waliamka usingizini wakalia nao bila kujua ni nini. Na kwa vile hawakuwahi kusikia malezi mabaya kiasi hicho, walitoa hukumu ambayo nayo haijawahi kutolewa: Chausiku aondolewe chuoni, akalelewe upya na mama yake kwa muda wa miaka mitatu.

"Lakini mtihani wa mwisho ni Jumatatu!" alisema Sikudhani. "Leo Alhamisi! Karatasi nne tu zimebaki, karatasi nne, amalize!"

"Asiyefanya Jumatatu hafanyi tena," alisema Chausiku. "Ndiyo kanuni."

Sikudhani alipumua. Akakaa. Akajaribu kutafuta upande mzuri wa jambo, kama alivyozoea kutafuta maharage kwenye mchanga. "Basi. Kama ni kulelewa upya, turudi nyumbani, nitakulea. Mwakani tutaomba."

Pale benchini hakuna aliyemtazama. Bi. Kidawa alitazama viatu vyake.

"Alelewe na mama yake, dada," alisema. "Wamenikabidhi mimi. Kwa mujibu wa jalada."

*

Saa nane mchana Sikudhani aliingia mwenyewe kwenye chumba cha kamati. Askari alimzuia; yeye akamwachia kikapu cha mihogo mikononi, na kabla hajajua akiweke wapi, mama amekwisha kupita.

Wajumbe walikuwa saba. Sita walikuwa wamelala kwa kufuata vyeo, mkubwa amelala zaidi. Katikati alikaa mwenyekiti, Profesa Mstahiki Nakshi, kwenye kiti kilichoongezwa miguu. Pembeni yake katibu na jalada, na muhuri mkubwa kama kinu. Chausiku aliitwa akawekwa kwenye kigoda, uso ukutani, kwa kuwa katika kamati ile mshitakiwa hana la kusema, na uso wake ungeweza kusema.

"Bibi," alisema Profesa, "wewe ni nani katika suala hili lililo mezani, ambalo liko mezani kwa maana pana ya kuwa mezani?"

"Mimi ndiye mama yake huyu mtoto, mheshimiwa."

Profesa alifunua ukurasa mmoja, akafunua wa pili. "Nafasi hiyo imejaa."

"Imejaaje? Nimemzaa mimi!"

"Mimi sibishani na uzazi, bibi. Mimi nabishana na utaratibu. Mtoto aliyeko hapa ana mama, mama huyo alifika kwa wakati, alilia kwa kiwango, amesaini. Tukiwakubali wawili, kesho tutaletewa watatu, na taifa litakwenda wapi?"

Sikudhani akapiga magoti. Hakulia kwa kiwango; alilia ovyo, pua na yote, mpaka katibu akasogeza jalada lisilowe.

Profesa Nakshi alikuwa mtu wa haki. Aliagiza Bi. Kidawa aitwe, na wote wawili wapewe mtihani wa uzazi, maswali kumi, majibu yasahihishwe kwa kulinganishwa na jalada.

"Swali la kwanza," alisoma katibu. "Mtoto alizaliwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, juu ya mkeka," alijibu Sikudhani. "Mvua inanyesha, mkunga hajafika, nimeshika mguu wa kitanda."

"Kosa. Jalada linasema hospitali ya rufaa, wodi ya daraja la kwanza."

"Nilitaka kumpandisha hadhi," Bi. Kidawa alinong'ona.

"Swali la pili. Baba yake?"

"Marehemu Shomari Mbega, fundi baiskeli, Mungu amrehemu."

"Kosa. Kanali mstaafu."

Swali la tatu kosa. La nne kosa. Sikudhani alizidi kusema kweli na kweli ilizidi kumzamisha. Lilipofika la saba, mtoto ana alama gani mwilini, alisimama kabisa.

"Hilo hamtanishinda! Ana kovu la moto chini ya goti la kulia. Alianguka jikoni kwangu, ana miaka minne. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati, maili sita, analia na mimi nalia. Chausiku, inua gauni mama, waonyeshe!"

Chausiku, uso ukutani, akainua gauni mpaka gotini. Kovu lilikuwa pale, limekunjamana kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Wajumbe sita waliamshwa. Wote saba walilitazama. Profesa alisogea karibu, akavaa miwani, akalitazama kwa muda mrefu sana.

"Jalada linasema hana alama," alisema katibu.

"Lakini si mnaliona, waheshimiwa! Si hilo hapo!"

"Tumeliona," alisema Profesa kwa huruma ya kweli, "na tunalisikitikia. Ila halikusajiliwa."

Sikudhani alipata alama mbili katika kumi, zote mbili kwa kuitika jina lake. Bi. Kidawa alipata kumi katika kumi, ingawa majibu matatu ya mwisho aliyatoa huku analia, na safari hii hakuna aliyemwagiza.

"Sasa basi," alisema Profesa, akipanga karatasi, "tunaye mbele yetu mtu aliyejipachika uzazi. Hilo ni kosa zito. Bibi, umetenda kosa ndani ya eneo la chuo, nawe unakuja chini ya kanuni zetu. Kanuni ya Saba. Kesho saa tatu asubuhi uje na mzazi wako."

"Mzazi wangu mimi?"

"Wako."

"Mheshimiwa, nina miaka hamsini na minne. Mama yangu amefariki, huu mwaka wa kumi na tano."

"Udhuru wa kufiwa huletwa kwa maandishi siku kumi na nne kabla ya kufiwa," alisema katibu, na muhuri ukashuka, pu!

*

Jua lilikuwa bado kali Sikudhani aliporudi chini ya turubai. Alianza mwanzo wa benchi.

"Dada, unaweza kuwa mama yangu?"

"Mimi? Wewe unaweza kunizaa mimi!"

"Kaka, kuwa hata baba."

"Mimi nashughulikia wizi wa mitihani tu, mama. Kujipachika uzazi sijasomea."

Akaenda mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Wengine walijifanya wanafunga mizigo. Kukiri mbele ya kamati kwamba umemzaa mtu aliyewaonyesha wajumbe kovu lisilosajiliwa, nani angethubutu?

"Nitakuzaa mimi," alisema Bi. Kidawa.

Sikudhani alimgeukia. Alikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke yule tangu asubuhi, na mengine hayaandikiki.

"Wewe umeninyang'anya mtoto, sasa unanitaka na mimi?"

"Nitukane, dada. Nitukane kwanza, halafu unisikilize."

"Nenda kawaambie ukweli! Waambie wewe si mama wa mtu!"

"Nikisema hivyo, Chausiku ameleta mzazi wa bandia. Hilo ni kufukuzwa pale pale, hakuna rufaa. Na wale themanini wengine, pamoja na wa miaka ya nyuma, wanaitwa upya, mmoja baada ya mmoja, na wapo waliokwisha kuwa wauguzi." Aliikunja leso mpaka ikawa ndogo kama punje. "Watoto wote hao, dada, sikuwahi kuulizwa habari ya kovu. Nilikuwa nasema tu. Nilidhani maneno yanaishia mle chumbani."

Chausiku alikuwa kati yao, anamtazama huyu na anamtazama huyu. "Mama," alisema, na wote wawili wakageuka.



"Nakuzidi miaka kumi mimi," alisema Sikudhani mwishowe. "Watatuona."

"Watu ndio wanaoona, dada. Tunakokwenda ni kwenye kamati."

*

Saa tatu ya Ijumaa Bi. Kidawa aliingia katikati, mkono wa kulia amemshika Chausiku, wa kushoto Sikudhani. Chausiku akarudishwa kwenye kigoda cha jana, uso ukutani, upande ule ule wa kulia.

"Mama," alisema Profesa, maana alikwisha kumzoea mwanamke yule, "na huyu naye ni wako?"

"Ni wangu, mheshimiwa. Kifungua mimba."

"Ulimzaa lini?"

"Miaka hamsini na minne iliyopita."

"Na wewe una umri gani?"

"Arobaini na minne, mheshimiwa."

Katibu akaandika yote mawili, akapiga muhuri. Mjumbe mmoja, mhadhiri wa hesabu, alifumbua jicho, akaanza kutoa moja kwa nyingine kwa vidole, akaona kazi yenyewe haina posho, akalifumba.

"Kwa hiyo hawa wawili ni ndugu," alisema Profesa.

"Ndugu," alisema Bi. Kidawa.

"Dada na mdogo wake. Tumbo moja."

"Tumbo moja, mheshimiwa."

Profesa Nakshi aliinuka kitini, na kwa kuwa kiti chake kilikuwa kirefu alionekana ameshuka. Alitoa hotuba. Alisema chuo si mahali pa kukomoa familia. Alisema serikali ina moyo, na moyo huo upo kwenye Kanuni ya Kumi na Moja, inayosema nyumba moja haipigwi mara mbili ndani ya juma moja. Wakikosa watoto wawili wa mzazi mmoja, mmoja anaadhibiwa kwa niaba ya wote na mwingine anasamehewa, anaendelea na masomo kama kwamba hajawahi kuona kitu. "Na nani achague?" aliuliza, akaitazama dari ili dari ijibu. "Kamati? Hasha! Sisi si wakatili. Achague mama."

Bi. Kidawa alifungua kinywa. Yule mwanamke aliyeweza kulia kwa kupangiwa dakika, ambaye hakuwahi kukosa neno mle ndani kwa miaka kumi na moja, alikosa. Alitazama kulia kwake. Alitazama kushoto.

"Mama, tunasubiri," alisema katibu.

"Asichague," alisema Sikudhani. "Mimi ndiye mwenye kosa."

"La kujipachika uzazi, tunalo."

"La bomba pia."

Kule ukutani mgongo wa Chausiku ulikauka.

"Huyu," Sikudhani alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea jikoni kwake, "alikuja duniani hajui kitu. Anatazama tu, kama watoto wote. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilimkalisha mlangoni nikamwambia, huu moto, usiguse. Hiki chungu. Hii nazi. Nilimtia mkono wake mdogo kwenye mtungi nikamwambia, haya maji. Akasema, maji. Nikamwambia, ndiyo, na yakiisha unasema yameisha, ili tukachote. Nisingemwambia mimi, mheshimiwa, siku ile angeona mende akapiga makofi. Hajajifunza kwenu. Amejifunza kwangu. Kama mnataka mahali lilipotokea, limetokea hapa."

Wajumbe wote saba walikuwa macho. Haijawahi kutokea tena.

"Chanzo!" alisema Profesa Nakshi, na furaha ilimfanya apige meza. "Waheshimiwa, miaka yote tunapambana na matokeo, leo tumekifikia chanzo! Afukuzwe!"

Hapo pakatokea shida kidogo ya utaratibu. Sikudhani alikuwa ameishia darasa la saba, na mtu hawezi kufukuzwa chuo ambacho hajaingia. Ikabidi asajiliwe kwanza. Akapewa namba, akapewa kitivo, akapigwa picha, akapewa kadi ya maktaba, akapandishwa mwaka wa tatu. Kwa dakika ishirini na tano mpishi wa uji wa Kilimawe alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na si mbaya, maana katika muda huo aliuliza swali moja tu: kama mwanangu, samahani, kama mdogo wangu atafanya mtihani Jumatatu. Akajibiwa atafanya. Basi, akasema, andikeni.

Wakaandika. Amefukuzwa milele. Haruhusiwi kukanyaga ndani ya lango. Asijitambulishe tena kama mzazi wa mwanafunzi yeyote, popote, kwa mdomo wala kwa maandishi.

Alipoanza kutolewa, Chausiku aligeuka kutoka ukutani, kigoda kikaanguka.

"Mama! Mama, ngoja!"

"Nyamaza," katibu alimkemea. "Mama yako yuko hapo, amekusikia."

Sikudhani alitia pindo la kanga mdomoni akaliuma. Askari wawili walikuwa wamemshika. Akamtazama Bi. Kidawa, akamtikisia kichwa, mara moja tu: itika.

"Abee, mwanangu," aliitika Bi. Kidawa.

*

Chausiku alifanya karatasi zote nne. Alifaulu, katika nchi hiyo mambo kama hayo hutokea, huwezi kuyazuia yote.

Siku ya mahafali, kila mhitimu alipewa kadi ya mwaliko ya mzazi mmoja, na jina lilikuwa limekwisha kuchapwa. Bi. Kidawa alimtumia Sikudhani ile kadi mpaka Kilimawe, ndani ya bahasha, pamoja na kilo mbili za sukari. Sikudhani aliirudisha kadi. Langoni wana orodha, na orodha ina picha. Sukari aliitia kwenye uji wa watoto.

Lakini alikwenda. Alivaa kanga mpya, akazunguka ule ukuta mrefu asubuhi nzima mpaka akapata mahali matofali mawili yamedondoka. Akaweka jiwe, akapanda, akatia uso kwenye tundu.

Aliona majoho meusi kama kunguru waliokusanyika. Aliona waheshimiwa na vivuli vyao vya turubai. Safu ya mbele kabisa ya wazazi aliona Bi. Kidawa, amevaa vizuri, amekaa wima kama mtu aliyewekewa kisu mgongoni, na hakuwa na leso.

Walisoma majina muda mrefu. Kisha kipaza sauti kikasema: "Chausiku, binti wa Bi. Kidawa na Kanali mstaafu!"

Chausiku akapanda jukwaani. Alipofika juu hakutazama safu ya mbele. Aligeuza kichwa, akautafuta ukuta, tofali kwa tofali.

Wazazi walipiga makofi ya kupimwa. Kigelegele kilitoka nje. Kilikuwa kirefu, kikali, kilipanda kikashuka kikapanda tena, na Mkuu wa Chuo alidhani ni kipaza sauti kimeharibika.

Askari wa zamu alikuja mbio kwa nje, rungu mkononi.

"Wewe mama! Shuka hapo! Unampigia nani kelele?"

"Yule pale. Amehitimu."

"Wewe nani yake?"

Sikudhani alifungua kinywa. Akakumbuka karatasi, na muhuri, na neno milele, na kwamba cheti bado hakijashuka jukwaani.

"Dada yake," akasema.

Askari alilegeza rungu. Alichungulia tunduni, akamtazama msichana kule juu na joho lake, akamtazama Bi. Kidawa kwenye kiti cha mbele, akageuka akamkagua Sikudhani taratibu, paji, pua, kidevu.

"Naam," akasema, ameridhika. "Wote mmechukua sura ya mama yenu."